Petroli Nyeupe, Dizeli ya Kijivu

Siku tuliyonunua gari alikuwepo baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, aliyekuwa amefika siku iliyotangulia kutoka kwetu Magharibi na kulala nyumbani. Alikuwepo mzee wa duka, jirani yetu wa mtaa wa Mbotela, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, niliyemwomba aje awe shahidi. Alikuwepo fundi aliyewahi kulitengeneza lori ambalo baba alikuwa akiliendesha. Alikuwepo broka, mwenye magari. Kisha sisi watatu: mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa darasa la saba, mdogo wetu wa mwisho, msichana wa darasa la pili ambaye hatukuwa na mtu wa kumwachia, na mimi. Baba na mama siwataji kati ya waliokuwepo, ingawa pesa zilikuwa zao.

Ilikuwa mwezi wa nne, asubuhi ya manyunyu. Gereji lenyewe lilikuwa uwanja tu wa tope jeusi nyuma ya Barabara ya Jogoo, wenye mabati mawili ya kujikinga na mvua. Baba mdogo alisimama chini ya bati moja, koti la mazishi likiwa bado ndilo koti lake la safari.

Baba alitangulia. Mama akamfuata kabla nyasi hazijaota vizuri kwenye kaburi la mumewe, kwa ugonjwa ambao watu waliokuja matangani kwanza waliuita malaria, halafu nimonia, halafu wakaacha kuuita jina lolote. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili nimwoshe na kumlisha. Tulipomaliza kumzika, wazee wa kwetu waliketi kutugawa. Mvulana angekwenda kwa baba mdogo. Msichana angekwenda kwa shangazi, ng'ambo ya mto. Mimi, walisema, nitapata kwangu, maana yake niolewe. Nilisimama mbele ya wazee wale nikasema hatugawanyiki, tunarudi Nairobi wote. Mzee mmoja akauliza nani amemwambia mtoto huyu azungumze.

Baba mdogo ndiye aliyenijibu. Huniita "mama", kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi.

"Mama, nimekusikia," alisema. "Lakini ukaidi haulipi kodi ya nyumba. Nakupa mpaka shule zifungwe mwezi wa nane. Nikija nikute umeshindwa, nawachukua hawa wawili, na hatutabishana tena."

Nilikuwa nikisambaza mikate. Kiwanda kimoja cha mikate kule Industrial Area kilinipa vibanda vya Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, nami nilikodi mkokoteni wa kuisukumia. Lakini watu wa Mukuru hutoka alfajiri kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda, na mkate ukifika kibandani baada yao kuondoka, umechelewa siku nzima. Iliyobaki niliirudisha, na iliyorudi nilikatwa pesa yake mimi. Msimamizi wa kiwanda aliniambia wazi kwamba nikipata gari ataniongezea Mbotela yote, na hapo ningeweza kulisha watu watatu. Malipo ya baba kutoka kazini kwake, yaliyokuwa yamekwama tangu afe, yalitoka mwezi wa tatu. Yalitosha gari dogo lililotumika, moja tu. Nikikosea, hakukuwa na jingine, na ndugu zangu wangekwenda.

Broka alikuwa na magari mawili ya aina moja, ya mlango wa nyuma, ambayo ukilaza viti yanameza kreti za mikate bila taabu. Jeupe lilikuwa la petroli. La kijivu lilikuwa la dizeli. Bei yalilingana.

"Siste, karibu," broka alisema. "Leo nakuoza. Hawa hapa mabwana wawili. Huyu mweupe ni mpole lakini mlevi. Huyu wa kijivu ana makelele lakini hagusi chupa."

"Na wewe mwenyewe ni yupi kati ya hao?" mzee wa duka akamuuliza.

"Mimi ni mshenga, buda. Mshenga haoi."

Hata baba mdogo alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka upesi.

Fundi alifungua boneti zote mbili. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuosha spana zake kwenye karai, mikono ikiwa bado inachuruzika. Alianza na la petroli. Akatoa plagi moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaniita niione. Ilikuwa nyeusi.

"Hili linakula oili kidogo," alisema. "Si ugonjwa wa kufa. Petroli nairekebisha hata macho nimefumba: plagi, kabureta, waya, basi. Vipuri viko kila kibanda. Lakini jua kazi yako ni kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Petroli ya namna hiyo itakumaliza. Faida yako yote itaingia kwa tanki."

"Na dizeli?"

"Dizeli ikiwa nzima, utasomesha hawa watoto nayo mpaka wakuoze ukiwa bibi harusi mzee. Mafuta yake ni rahisi na yanakwenda mbali. Lakini ikikufia pampu, mimi usinitafute. Hiyo ina daktari wake, na bei ya daktari huyo utaisikia hapohapo mlangoni."

Mzee wa duka alikuwa na neno lake. "Sikiza, mwanangu. Chukua kinachojulikana na kila mtu. Kitu kinachohitaji fundi mmoja tu mji mzima, hicho kitakuwa bwana wako, hakitakutumikia."

"Mzee, nakuheshimu," baba mdogo alisema, "lakini mimi nimekaa na injini." Kule nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga mahindi sokoni. "Umewahi kuona posho mill ya petroli? Trekta za miwa je, zinakunywa nini? Dizeli haina mbwembwe. Tena siku pesa zikikosa, mama, unatia mafuta ya taa kidogo ya jikoni, na inatembea."

"Huyu mzee anajua mashine," broka alisema haraka. "Mimi sina la kuongeza."

Fundi aliweka kiganja juu ya injini ya lile la kijivu. Watu wote wa Eastlands wanajua kwamba dizeli huogopa baridi, na kwamba broka mjanja huiwasha mapema kabla mnunuzi hajaja. Ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi. Fundi akaridhika. Akaniambia niingie mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye ningeliendesha. Baba alikuwa amenifunza kuendesha siku za Jumapili kwenye uwanja wa kiwanda chao, na leseni nilikuwa nayo, maana nilichelewa kuanza shule na umri ulikuwa umefika. Nikageuza ufunguo, nikasubiri taa ndogo ya kupasha injini izimike, nikawasha. Ikashika mara moja.

Ule mngurumo sijui nitaueleza vipi. Injini ya petroli hukaa kimya kama mtu anayekuficha jambo. Hii ilitetema hadi magotini mwangu. Mdogo wetu wa mwisho aliziba masikio. Mvulana hakuziba. Alisogea karibu na dirisha, akasema, "Ni kama ya baba."

Nilipima maneno ya fundi, ya mzee wa duka na ya baba mdogo, na ninaamini mafuta rahisi ndiyo yaliyoniamulia. Lakini najua pia kwamba baada ya mvulana kusema vile sikuliwasha kabisa lile jeupe. Nilisema, "Tunachukua la kijivu." Mzee wa duka akashuhudia pesa zikipita mikononi, akasoma dua fupi, na tukapanda wote kurudi Mbotela.

Wiki za kwanza gari lilikuwa baraka. Mkate ulifika Kwa Njenga ukiwa bado moto ndani ya karatasi. Wenye vibanda walinitania: "Mama Mkate siku hizi ana gari, kesho atatununua na sisi." Kijana mmoja wa kupakia mizigo hakukubali kwamba ni mimi ninayeendesha, akawa ananiuliza kila asubuhi dereva wangu amejificha wapi. Nilimwambia yuko ndani ya boneti, ndiye anayepiga kelele. Nyumbani tulikula jioni na tukala asubuhi. Nililipa kodi bila kuombwa, na nilimwandikia baba mdogo kwamba watoto wako shuleni.

Halafu gari likaanza tabia. Asubuhi, likiwa baridi, liliwaka bila shida. Lakini nikilizima kibandani likiwa na moto, likawa haliwaki. Ningekaa pale na kreti zangu mpaka lipoe. Kumbe ugonjwa wake ulikuwa kinyume cha ule tuliouogopa. Tulikuwa tumelipima baridi, tukashangilia lilipowaka baridi, na hakuna aliyesema tulizungushe mtaani mpaka lipate moto kisha tulizime.

Fundi alinifundisha kulowesha kitambaa na kukifunga juu ya pampu. Kilisaidia siku chache. Baadaye nikaacha kabisa kulizima. Lilinguruma mbele ya kila kibanda nikipakua, na mama mmoja wa Kwa Reuben aliyeuza mandazi akaja juu: "Wewe, ondoa huo moshi wako! Wateja wangu wanakula mandazi ama wanakula masizi?" Alikuwa na haki. Mafuta niliyodhani nitayaokoa yaliungua bure nikihesabu mikate. Wadogo zangu sikuwaambia kitu. Mvulana alijua tu, kwa sababu kila jioni alikuja kutazama kile kitambaa kama kimekauka.

Mwezi wa saba, katikati ya Mukuru kwa Reuben, gari likazimika lenyewe kwenye tope. Vibarua waliokuwa wakipita walilisukuma mpaka barabara ngumu, wakanipa pole, wakakimbilia malango yao. Halikuwaka tena, hata lilipopoa.

Fundi alifungua pampu akaipeleka kwa yule daktari wake, karakana ndogo safi kule Industrial Area. Nilikwenda naye. Yule mtu alifungua pampu juu ya kitambaa cheupe, akatazama vyuma vyake, akainusa. Akavuta kichwa nyuma.

"Hii imelishwa mafuta ya taa kwa muda mrefu," alisema. "Dizeli ndiyo inayolainisha vyuma vya pampu. Mafuta ya taa ni makavu, yanavikwangua mpaka pampu ikipata moto haisukumi tena. Umekuwa ukitia?"

"Hata siku moja." Na ilikuwa kweli. Ushauri wa baba mdogo sikuwahi kuufuata.

"Basi ni mwenyewe wa kwanza. Si mlinusa siku mnanunua? Gari la namna hii linanuka kuanzia kwenye tanki mpaka kwenye viti."

Fundi na mimi tulitazamana. Asubuhi ile yeye alikuwa ametoka kuosha spana kwa mafuta ya taa. Mzee wa duka alikuwa amefungua pipa lake mapema akiwapimia watu ya kupikia, kopo baada ya kopo, kabla hajavaa kanzu na kunifuata. Baba mdogo alikuwa amelala sakafuni kwetu, kichwa karibu na stovu. Mimi na wadogo zangu tulikuwa na harufu hiyo kwenye sare, kwenye nywele, kwenye chai. Tulikuwa tumeingia ndani ya gari lile na kufunga milango, na lilinukia kama nyumbani. Mtu anayepikia umeme angeigundua kabla hajavuka barabara. Sisi, umati wote ule wa watu na pua zetu, hatukunusa kitu. Broka, mwenye kujipaka marashi, nadhani alinusa. Fundi alipokwenda kumtafuta, uwanja ulikuwa na mtu mwingine na magari mengine.

Bei ya kutengeneza pampu ilikuwa karibu nusu ya bei ya gari. Sikuwa nayo. Gari lilisimama mbele ya nyumba yetu, na watoto wa mtaa wakaanza kuchora kwa vidole kwenye vumbi la vioo.

Nilirudi kwenye mkokoteni. Msimamizi wa kiwanda aliniondolea Mbotela, akaniachia Mukuru, na akasema nayo ni kwa huruma tu. Niliamka mapema zaidi ili mkate uwahi, na mvulana akaamka nami bila kuitwa, akasukuma mpaka mwanzo wa Mukuru kisha akakimbia shuleni. Tulirudi kula mara moja kwa siku. Mzee wa duka alikuwa akituma unga akisema umebaki. Unga haubaki dukani.

Wiki ambayo shule zilifungwa, baba mdogo akaja. Alipita kando ya gari bila kuuliza, akaingia, akaweka chini begi tupu. Mdogo wetu wa mwisho aliliona lile begi akaenda kusimama nyuma ya mlango.

"Mama," alisema, "nimefanya kama nilivyosema."

"Ninajua, baba."

"Utanibishia?"

"Sitakubishia. Lakini kesho nina mikate. Tungoje nimalize mikate."

Alfajiri nilipotoka nilimkuta amevaa, amesimama karibu na mkokoteni. Alisema hawezi kulala mtoto wa ndugu yake akitoka gizani. Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu njia. Alishika mpini wa kushoto, mimi wa kulia, mvulana nyuma. Kwenye tope la Kwa Reuben magurudumu yalizama na tukashusha kreti, tukavusha mkokoteni mtupu, tukapakia tena. Viatu vyake vya mazishi vilijaa maji. Mama wa mandazi alimwona akasema, "Leo Mama Mkate amepata ng'ombe wa kulima!" Baba mdogo alinitazama nikihesabu mikate kwenye kibanda cha mwisho.

"Ni kila siku hivi?" aliniuliza.

"Isipokuwa Jumapili."

"Na huyu mtoto?"

"Anafika shule kengele ikilia. Hajawahi kuchelewa."

Tulirudi na mkokoteni mtupu. Alipofika nyumbani alisimama mbele ya gari, akalifungua boneti mwenyewe, akatazama nafasi tupu ya pampu. Nilimweleza aliyoyasema yule daktari wa pampu. Nilipofika kwenye mafuta ya taa aliuliza tena, nami nikarudia. Alifunga boneti polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Ni mimi niliyekwambia dizeli," alisema.

"Ni mimi niliyechagua, baba."

"Nyamaza, mama."

Siku hiyohiyo aliondoka na begi lake likiwa tupu. Hakusema anakwenda wapi wala kama atarudi. Wadogo zangu walilala usiku huo na nguo zao zote chini ya mto, wakidhani amekwenda kumwita shangazi.

Alirudi Jumapili iliyofuata, pesa zikiwa zimeshonwa ndani ya koti. Nilipofumua ule mshono nilimuuliza zimetoka wapi. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa. Alikuwa na mmoja tu. Nilirudisha pesa mezani, naye akazisukuma tena upande wangu.

"Sikiliza," alisema. "Hizi si za msaada. Za msaada ungezikataa, nakujua, una jina la mama yangu. Nimekukopesha ng'ombe. Kwetu ng'ombe halipwi kwa noti, unajua. Utanirudishia ng'ombe, tena anayekamuliwa. Watoto watakaa na wewe."

Pampu ilitengenezwa. Gari likawaka, baridi na moto. Mbotela sikurudishiwa, ilikuwa imekwishapewa mtu mwingine, lakini vibanda vya Mukuru vilinitosha kuwaweka wadogo zangu chini ya paa moja. Mvulana alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka uliofuata. Ada ya kidato cha kwanza ilichukua kila nilichokuwa nimeweka kwa ajili ya ng'ombe. Nilianza upya. Halafu mdogo wetu wa mwisho akaugua kifua, tukalala hospitalini naye, nikaanza upya tena.

Desemba moja nilikwenda nyumbani kuwasalimu watu wa baba mdogo. Sikuwa nimefika tangu mazishi. Zizi la baba mdogo lilikuwa limeota majani. Mke wake alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za watoto, akaniletea chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa. Watoto wake wadogo watatu waliketi kwenye mkeka na vikombe vyao. Nilipoinama kumsogezea mmoja kiazi niliona chai yake ilikuwa nyeusi, bila maziwa. Zote zilikuwa nyeusi. Mtoto wao mkubwa nilikuwa nimemwona dakika chache kabla akitokea kwa jirani na kopo lililofunikwa kwa jani la mgomba.

Ningeweza kuikataa ile chai, lakini ningemwaibisha mwenye nyumba. Niliinywa yote. Baba mdogo aliketi karibu nami akizungumzia mahindi na mvua, na hakutaja ng'ombe. Hakutaja siku ile, na hajataja tangu hapo. Nilipoaga alinisindikiza mpaka stendi, akanibebea mfuko wa njugu wa wadogo zangu, akauliza gari linaendeleaje.

"Linatembea, baba."

"Usiwahi kulitilia mafuta ya taa," alisema.

Basi liliondoka yeye akiwa bado amesimama pale. Tangu wakati huo bei ya ng'ombe wa maziwa imepanda mara nyingi, na kila nikikaribia kuifikia huwa imesogea, ama ada imetangulia. Ng'ombe wake sijampeleka bado.